Uji Uliolegea Bakulini

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi tatu: kuchota maji, kufagia uani na kumlisha Dani. Dani ndivyo sisi Waluo tunavyomwita nyanya, na huyu wangu, aliyemzaa Mama, alikuwa mcheshi kuliko watu wote wa mtaa wetu wa Ndhiwa. Mama ni fundi wa cherehani sokoni. Alikuwa akipika uji, anammiminia Dani kwenye bakuli, kisha anaondoka mbio kabla wateja hawajafika. Kulisha niliachiwa mimi, Phanice, niliyekuwa Gredi ya Sita.

Mwaka huo Dani alikuwa ametibiwa saratani ya koo kwa miale ya mionzi hospitalini. Uvimbe ulipungua, lakini chakula kikawa hakipiti. Siku moja alijaribu vijiko viwili, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, kisha akanisukumia bakuli.

"Nyakwara," alisema, maana yake mjukuu wangu, "kula wewe. Mdomo wangu umekauka, uji unanata kama gundi. Mama yako akiuliza, sema nimekula."

"Lakini Dani, ataniuliza mara mbili."

"Nawe mjibu mara mbili. Akijua sili, ataacha cherehani aje akae hapa alie. Halafu bakisha kidogo. Mgonjwa hamalizi bakuli."

Akanikonyeza. Nikacheka, nikala. Uji ulikuwa na maziwa na sukari, nami niliufurahia. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tuliendelea hivyo wiki tatu. Jioni Mama aliuliza kabla hata hajavua viatu, "Amekula?" Nami nilijibu, "Amekula, amebakisha kidogo tu." Nilipoona uso wake umetulia, nilijiona mtoto mwema. Wakati huo Dani alizidi kukonda, hata bangili yake ikawa inapanda mpaka kwenye kiwiko. Niliona hayo yote. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeahidi, na kwa sababu nilikuwa nimeshadanganya siku nyingi mno, nisijue pa kuanzia kusema ukweli.

Jumamosi moja Sista Nyamoita, muuguzi wa zahanati ya karibu, alikuja kumpima Dani uzito. Mama alikuwa bado hajatoka. Sista alitazama mizani mara mbili.

"Amepoteza kilo sita. Mama Phanice, huyu anakula kweli?"

"Anakula, Sista. Kila siku. Hata leo Phanice ametoka kumlisha sasa hivi. Hili hapa bakuli lake."

Sista alilichukua bakuli, akaliinamisha. Uji uliobaki ulitiririka kama maji. Kisha akafunua sufuria jikoni, akautikisa uji uliokuwa humo. Ulikuwa mzito.

"Phanice," aliniita taratibu, "nani amekula kwa kijiko hiki?"

Mama alitutazama kwa zamu, hakuelewa kitu. Ndipo Sista akamweleza.

"Kwenye mashavu na chini ya ulimi tuna tezi za mate. Ndani ya seli za tezi hizo kuna vifuko vidogo sana, vimejaa kimeng'enya kinachoitwa amilesi. Ukianza kula, ubongo hutuma habari, vifuko husogea ukingoni mwa seli, vikamwaga kimeng'enya kwenye mate. Amilesi hukatakata wanga wa uji ukawa sukari. Kijiko kikitoka mdomoni na kurudi bakulini, hubeba mate, na uji hulegea hivi. Sasa, miale ilipochoma uvimbe wa Dani, iliziharibu tezi zake pia. Hana mate ya kulegeza uji. Huu umelegezwa na mdomo mwingine, wenye afya."

"Ni mimi," nikasema. "Wiki tatu sasa."

Mama alikaa chini, pale pale sakafuni. Hakunipiga wala hakunifokea. Alilia bila sauti, na kilio hicho kiliniuma kuliko fimbo yoyote.

Siku hiyo hiyo tulimpeleka Dani hospitali, Homa Bay. Daktari alimpitishia mpira mwembamba puani, maziwa na uji mwepesi vikaanza kushuka tumboni bila kupita mdomoni. Muuguzi alimlowesha midomo kwa maji kidogo kidogo. Lakini vipimo vilionyesha kuwa saratani ilikuwa imesambaa, na mwili wake haukuwa na nguvu za matibabu mengine.

Nilisimama kando ya kitanda. "Dani, nimesema. Nisamehe."

"Wewe ndiye unisamehe," alijibu kwa sauti ndogo. "Nilikutwika mzigo usio wako. Sikia, nyakwara. Mtu mzima akikuomba umfichie maumivu yake, mkatalie, hata akiwa mimi. Atakasirika, lakini atatibiwa, pengine apone. Hasira haiui."

Alifariki siku kumi na nane baadaye. Tulipokwisha kumzika, niliingia jikoni nikajifungia. Mama alinifuata, akanikalisha kwenye kigoda.

"Phanice, kilichomuua ni saratani, si wewe," alisema. "Hilo usilisahau. Lakini mama yangu alikaa na njaa ndani ya nyumba yangu, nami naambiwa ameshiba. Uongo wa huruma unauma vilevile. Nami nina kosa langu, kwa sababu nilipenda jibu lako, sikuingia kujionea. Ulipokubali kusema ukweli, ulimkuta bado hai. Siku kumi na nane mama yangu alilala ameshiba, na ni ukweli wako uliomlisha."

Mama huzihesabu hizo kumi na nane. Mimi bado nazihesabu zile ishirini na moja zilizotangulia.