Nusu Mtungi

Saa kumi na mbili kasoro jioni, wenzangu wa ofisini wakikimbilia makwao, mimi nilikwenda kujaribu suti ya kuzamia. Likizo, ndivyo shemeji yangu anavyoiita. Wiki ya tatu sasa anapanga: tarehe, boti, chumba chake, chumba changu, mitungi minne ya hewa. Utadhani anaandaa harusi.

Ukweli ni kwamba tunakwenda mahali alipofia mke wake. Mke wake alikuwa dada yangu.

Mwaka juzi tulizama wawili, nikapanda peke yangu. Mwili haukuonekana. Niliwaeleza ndugu wote, huku nalia, kwamba hewa yangu ilikuwa imebaki ya kupandia tu, na dada mwenyewe akaninyooshea kidole gumba: panda, nakuja. Wakanikumbatia. Tangu siku hiyo wananihurumia, na huruma yao inanikaba kuliko matusi. Kwa hiyo shemeji aliposema, "Nipeleke nikapaone, shem, roho itulie," ningekataa kwa mdomo upi?

Duka la vifaa liko nyuma ya karakana ya matairi. Fundi wa mitungi ni mzee mwenye kikohozi, wateja humwita Mapovu. Nilimkuta ameinamia mtungi, anasikiliza kama unavuja.

"Shikamoo."

"Marahaba. Suti yako iko chumba cha kujaribia. Mwenzio keshaingia."

"Shemeji? Si alisema atachelewa?"

Mapovu akakohoa. "Mwenzio, ndivyo alivyosema. Mnazama pamoja."

Nikasogeza pazia.

Hapakuwa na mtu.

Sakafu ilikuwa imelowa. Nyayo mbili ndogo, pekupeku, zilielekea kwenye kioo na hazikurudi. Harufu ya chumvi ilijaa chumba, na chini ya chumvi... kitu kilichooza.

"Shem?"

Nikajiambia ni hizi suti za kuazimana, mpira ukilowa hunuka. Mimi ni hodari wa kujiambia mambo. Miaka miwili sasa sifanyi kingine.

Nikavaa. Zipu ya suti hizi iko mgongoni, toka kiunoni mpaka shingoni, na mkono wako mwenyewe hauifikii vizuri. Ndiyo maana wazamiaji hufungiana zipu. Nilijipinda, nikahangaika, nikatukana kimoyomoyo.

Zipu ikapanda.

Taratibu... kri... kri... kri... Vidole vya baridi vilifuata uti wa mgongo, pingili kwa pingili, vikaishia shingoni.

"Asante, mzee," nikasema.

Mbali kule, mbele ya duka, Mapovu akakohoa.

Nilitaka kupiga kelele, kifua kikagoma. Suti ilikuwa imenibana mbavu, na maji yalianza kunichuruzika kisogoni, tone baada ya tone, ilhali nywele zangu zilikuwa kavu. Kisha mnong'ono ukaja sikioni, mtulivu, wa mtu anayefuata utaratibu. Lilikuwa swali la hewa ambalo kila mzamiaji humwuliza mwenzake, chini kwa ishara, juu kwa mdomo.

"Umebakiwa na kiasi gani?"

Nikapapasa mgongoni kuitafuta zipu.

"Mdogo wangu... umebakiwa na kiasi gani?"

Sauti ile naijua. Ndiyo iliyonifundisha kusoma. Nikaiona tena siku ile: dada akipitisha kiganja kooni, yaani hana hewa. Geji ya mtungi wangu mkononi, naisoma. Kipumulio changu cha akiba kinaning'inia kifuani, kazi yake ni hiyo tu, kumpa mwenzio aliyeishiwa. Na mimi nikaogopa. Nikaona atanishika, atanivuta, tutakufa wote. Akaunyoosha mkono. Nikaupiga teke, nikapanda.

"Nusu!" nililia. "Nilikuwa na nusu mtungi, dada! Nisamehe... nusu!"

Vidole vikaniachia.

Nilitoka mbio, nusura ning'oe pazia. Shemeji alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka hapo, helmeti ya pikipiki mkononi, mkavu tangu kichwani mpaka miguuni. Uso wake sijui niuelezeje.

Nikamgeukia Mapovu. "Aliyeingia ni huyu?"

"Huyu kafika sasa hivi. Yule alikuwa mwanamke. Kalowa chapachapa, nikadhani mvua."

Nje hapakuwa na mvua.

Shemeji hakuuliza mwanamke gani. "Nusu," alisema polepole, kama mtu anayeonja kitu kichungu. Nilingoja anipige. Ningemshukuru. Badala yake akasema, bila kupaza sauti, "Safari iko palepale, shem. Ijumaa. Huko chini utazama na mimi."

Akaondoka. Hakugeuka.

Ningeweza kukataa, najua. Lakini nikikataa mama atauliza sababu, na safari hii tupo wawili tunaoijua. Usiku ule sikulala. Nilimsikiliza shemeji moyoni, nikapima maneno yake, na kila nilipoyapima yalikuwa mazito zaidi.

Asubuhi mama akapiga simu.

"Ukifika pale, mwanangu, umshukuru dada yako," alisema, anajikaza asilie. "Ndiye aliyeniachia wewe."

"Nitamshukuru, mama," nikajibu.