Kaseti ya Kwaya

"Basi liko Biharwe. Imebaki dakika kumi na tisa. Over."

Redio ya Motorola ikanyamaza; alikuwa Arthur, askari wa kizuizi cha barabarani Biharwe. Kemigisha, jasusi aliyewahi kuruka ukuta huku risasi zikimfuata, alibaki akikodolea macho mashine ya kusoma tepu. Glock yake ilikuwa mezani. Haikuwa na wa kumpiga.

Ndani ya basi walikuwamo wasichana ishirini na sita wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, wakipelekwa nje kwa hati zinazodai ni watu wazima. Wasafirishaji walikuwa wamefuta faili za usajili, wakavunja seva na kuiba tepu za akiba. Ikifika saa kumi na moja bila ushahidi wa umri, basi lingeachiwa.

Tepu moja ilinusurika. Karani aliiandika SAUVE, Kifaransa cha nakala iliyohifadhiwa. Mama Pascaline, mfagiaji wa ofisi ya usajili, alilisoma neno hilo kama "okoa", akadhani ni nyimbo za kanisa, akaitia kwenye sanduku la kwaya.

Sasa alikuwa nyuma ya Kemigisha, katika chumba cha kukodi mjini Mbarara, akifikicha kitenge chake.

"Viviane yangu ari mule mu bisi. Hauwezi kuisukuma, iyi mashini?"

"Haisukumwi, mama."

Kemigisha alikuwa ameifufua seva ndani ya laptopu yake ya ThinkPad: kompyuta pepe, inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Lakini hiyo pepe ilidai haioni mashine ya tepu. Mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

"Mawe!" Kemigisha alilaani.

Kumbe laptopu yenyewe ndiyo iliyoing'ang'ania mashine ya tepu. Akainyang'anya, akaikabidhi kompyuta pepe.

Tepu ikaanza kuzunguka.

Faili ya usajili ilikuwa mwisho kabisa, na tepu hairuki. Hupita yote, mita kwa mita, hata ukilia.

"Afande, wakili yao amefika. Dereva anawasha engine."

"Arthur, zuia!"

"Nazuia na nini? Mkubwa iko hapa, anasema waende."

Kemigisha aliitazama tepu ikizunguka. Aliogopa, akajichukia kwa kuogopa. Nyuma yake Pascaline alianza kuimba polepole wimbo wa kwaya.

Dakika nne. Mbili.

Kioo kikajaa majina.

"Arthur! Viviane, mtoto ya Pascaline. Miaka kumi na nne! Natuma picha. Wengine wanafuata."

Akapiga picha ya kioo, akaituma kwa simu.

"Arthur?"

Redio ikakwaruza.

"Engine imezimwa, afande. Mkubwa ameona picha. Wakili tumemfunga pingu. Kuna msichana hapa, anauliza mama yake."

Pascaline aliipokea redio kwa mikono miwili. Alitaka kusema, akashindwa, akaikumbatia tu kifuani.

Kemigisha alichomeka bastola kiunoni, akaitoa tepu na kuitia mfukoni.

"Iyo ni ya kwaya," Pascaline alinong'ona.

"Nitairudisha, mama."

Akatoka taratibu, kichwa juu, kama mtu aliyemaliza kazi ndogo. Akafunga mlango. Kwenye ngazi, ambako hakuna aliyemwona, akakaa chini.