Siku Tano za Nzau

Kibanda cha chai cha Mwende kiko Maungu, kando ya barabara kuu, pale malori yanapoegeshwa. Alfajiri moto unawaka. Saa moja chapati ziko tayari. Saa mbili madereva wamejaa kwenye mabenchi, na ushauri nao umeanza.

Ndiyo, ushauri. Maungu nzima ilijua kwamba Mwende ameolewa na hana mtoto, basi kila mtu akawa mganga. Dereva mmoja alimwambia ale parachichi. Mama mmoja wa kanisani alimwambia alale miguu ikiwa imeinuliwa ukutani. Fundi wa tairi, ambaye hata mke hana, alimwambia aache kubeba maji kichwani. Mwende aliwasikiliza na kuwashukuru. Moyoni alikuwa amechoka nao mpaka basi.

Kilichomkera zaidi ni kwamba hakuona kasoro yoyote. Hedhi yake ilikuja kila baada ya siku ishirini na nane, tena Jumatano. Aliiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda iliyotundikwa nyuma ya mlango. Haikuchelewa wala haikuruka.

"Mwili wangu unakwenda sawa," alijiambia. "Sasa mtoto yuko wapi?"

Siku moja ya mwezi wa kumi, mavyaa wake, Mukonyo, alikuja kibandani. Alikuwa na chupa ya plastiki yenye maji meusi.

"Kunywa hii asubuhi na jioni," alisema. "Ni mizizi. Hii ni kali kuliko ile nyingine."

"Mama, ile nyingine iliniharisha siku tatu."

"Ilikuwa inakusafisha."

"Inanisafisha nini, mama? Hii ni chupa ya nne!"

Madereva waliacha kutafuna. Mukonyo alijifunga leso yake upya, polepole.

"Basi usinywe. Lakini Krismasi hii tutakaa kama ukoo. Nzau ni mwanangu wa pekee. Kama wewe umeshindwa, ataletewa mwenzako."

Akaiacha chupa mezani, akaenda zake. Mwende aliendelea kusukuma chapati. Alimjua mavyaa wake. Mukonyo hakuwa mtu wa kutisha kwa mdomo tu.

Nzau mwenyewe alikuwa Mata, upande wa Taveta. Alifanya kazi kwenye shamba la mkonge. Aliendesha korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge mpaka yabaki nyuzi. Kila mara alikaa kazini siku ishirini na tatu, kisha akapata ofu ya siku tano. Alifika nyumbani Ijumaa jioni, akaondoka Jumatano alfajiri.

Ijumaa alipokuja ofu, Mwende hakungoja hata avue viatu.

"Jumatatu tunaenda kliniki Voi. Wewe na mimi."

"Mimi?" Nzau alishangaa. "Mimi nina shida gani?"

"Hujui. Hata mimi sijui. Ndiyo maana tunaenda."

"Mwende, mimi ni mwanamume mzima. Hayo mambo ya wanawake..."

Hakumaliza. Nzau hakuwahi kutamka neno hedhi tangu azaliwe. Kwake yalikuwa "hayo mambo", basi.

"Nimekunywa chupa tatu za mizizi!" Mwende alipaza sauti. "Wewe umekunywa nini? Kidole kimoja hakivunji chawa, Nzau. Usipokuja, nafunga virago narudi kwetu kabla ya hiyo Krismasi yenu."

Nzau alimtazama mkewe. Hakuwa amewahi kumwona hivyo. Jumatatu asubuhi alivaa shati lake la kanisani bila kuambiwa.

Kliniki walimkuta muuguzi aitwaye Sista Gertrude. Alikuwa mama wa makamo asiyependa kuzungusha maneno.

"Mmetafuta mtoto kwa muda gani?"

"Miaka miwili na nusu, sista," Mwende alijibu.

"Mama ana miaka mingapi?"

"Ishirini na tisa."

"Basi mmechelewa kuja. Mwanamke akiwa chini ya miaka thelathini na mitano, mwaka mmoja ukiisha bila mimba, mje. Akiwa amefika miaka hiyo au zaidi, msingoje zaidi ya miezi sita. Na mje wawili."

"Lakini hedhi yangu haikosi hata mwezi mmoja."

"Hiyo ni dalili nzuri. Inaonyesha kwamba pengine mayai yanatoka vizuri. Lakini haisemi kama mirija ya uzazi iko wazi. Tena haisemi lolote kuhusu huyu." Sista alimnyooshea Nzau kalamu. "Baba, shida ya uzazi huwa kwa wanaume kama ilivyo kwa wanawake. Unaweza kuwa na nguvu zako zote, na bado mbegu zikawa chache. Macho hayawezi kuona hayo. Ni kipimo kinachoona."

Nzau aligeuka akatazama picha za chanjo ukutani.

"Sasa niambieni. Huwa mnalala pamoja siku zipi?"

Nzau akakohoa. Mwende alitoa simu. Alikuwa ameipiga picha kalenda yake, mwezi baada ya mwezi. Kalamu nyekundu ilikuwa ya hedhi. Kalamu ya buluu ilikuwa ya ofu ya Nzau. Sista Gertrude aliangalia picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akarudi tena kwenye ya kwanza.

"Hii ofu aliipanga nani?"

"Tuliipanga sisi," Mwende alisema, tena kwa fahari kidogo. "Zamani Nzau alikuja wiki ya pili baada ya hedhi kuanza. Tulijaribu miezi sita, hakuna kitu. Shangazi yake akatuambia siku nzuri ni pale hedhi inapoisha tu, eti mlango wa uzazi bado uko wazi. Nzau akambembeleza mwenzake wa kazi, Morris, wabadilishane zamu. Tangu hapo hatujakosa hata mwezi mmoja."

Sista Gertrude alivua miwani. Akajishika kichwa.

"Miaka miwili?"

"Miaka miwili, sista."

"Jamani! Mmejipangia zamu ya kukosa mtoto!"

Alichukua karatasi akachora mstari mrefu.

"Siku hedhi inapoanza, hiyo ni siku ya kwanza. Kwako ni Jumatano. Nzau anafika Ijumaa, siku ya tatu. Anaondoka siku ya nane asubuhi. Mwanamke mwenye mzunguko wa siku ishirini na nane, yai lake hutoka karibu na siku ya kumi na nne. Wakati huo Nzau yuko wapi?"

"Mata," Nzau alisema kwa sauti ndogo.

"Mata, na mkonge wake! Yai huishi siku moja tu. Mbegu ya mwanamume hungoja siku tatu hivi, ikijitahidi sana tano. Yai likitoka, mbegu zimeshakufa. Kila mwezi mnapishana."

Mwende alitaka kucheka na alitaka kulia. Alimkasirikia shangazi. Alimkasirikia Nzau. Alijikasirikia mwenyewe, yeye na kalamu zake za rangi.

"Yaani ile zamu ya zamani ndiyo ilikuwa nzuri?"

"Ndiyo. Miezi sita ni michache tu. Hata mume na mke wasio na shida yoyote wanaweza kungoja mwaka."

Nzau akainua mkono kama yuko darasani. "Sista, na kama mzunguko wa mtu si siku ishirini na nane?"

Mwende aligeuka kumtazama.

"Swali zuri, baba. Yai hutoka karibu siku kumi na nne kabla ya hedhi inayofuata. Kwa mzunguko wa siku thelathini, hiyo ni kama siku ya kumi na sita. Siku za kushika mimba ni hiyo ya yai, na tano zinazotangulia. Mlale pamoja kila siku, au siku moja baada ya nyingine. Mama pia ataona ute mwepesi unaoteleza, kama ule mweupe wa yai bichi la kuku. Hizo ndizo siku zenyewe."

Sista alikunja karatasi akampa Nzau, si Mwende.

"Lakini sijamaliza. Huenda kalenda siyo sababu peke yake, kwa hivyo mtapimwa wote wawili. Na hiyo mizizi uache, mama. Hatujui ina nini ndani."

Vipimo vilichukua wiki kadhaa. Mbegu za Nzau zilikuwa nzuri. Kwa Mwende pia hawakuona shida. Ikabaki zamu.

Kule Mata, msimamizi Musyimi aliuliza sababu ya kubadilisha. Nzau alisema ni mambo ya nyumbani. Musyimi akauliza ni mambo gani. Wafanyakazi walikuwa wamesimama pale wote, masikio wazi.

"Tunatafuta mtoto," Nzau alisema mwishowe. "Siku zetu hazilingani."

Wakacheka, wengine mpaka wakashika tumbo. Morris hakucheka.

"Chukua zamu yako, bwana," alisema. "Mimi ninao watatu."

Nzau sasa alifika nyumbani siku ya kumi, akaondoka siku ya kumi na tano. Mwende alingoja. Jumatano ya kwanza, kalamu nyekundu. Aliitupa chini ya kitanda kwa hasira, kisha akaitafuta na kuandika.

Na ukoo ulikaa kweli, siku ya pili ya Krismasi. Nzau alifika jioni na vumbi la safari, akawakuta wamejaa uani. Mukonyo alianza kueleza habari za mke wa pili. Nzau hakumwacha afike mbali.

"Mama, samahani. Nimepimwa."

"Wewe? Umepimwa nini?"

"Uzazi. Mwende pia amepimwa. Hakuna mgonjwa hapa. Kosa lilikuwa la siku, na siku tulizichagua wenyewe. Kwangu haji mke mwingine."

Shangazi mtu aliinuka kwenda kuangalia pilau.

Januari, nyekundu. Februari, nyekundu tena. Mwende alipiga simu kliniki akalalamika kwa dakika kumi. Sista Gertrude alimwambia aendelee, miezi mitatu bado ni michache.

Machi, Jumatano ilifika ikapita. Alhamisi ikapita. Wiki nzima ikapita. Mwende alinunua kipimo cha mkojo dukani na kikaonyesha mistari miwili. Alinunua cha pili, maana hicho cha kwanza hakukiamini.

Nzau alipokuja ofu, Jumatatu walikwenda pamoja kliniki ya wajawazito. Foleni ilikuwa ndefu, wanawake watupu. Karani alifungua daftari bila kuinua kichwa.

"Hedhi ya mwisho ilianza lini?"

"Hedhi ilianza Jumatano, tarehe kumi na moja Februari," sauti nzito ilijibu. "Mzunguko ni siku ishirini na nane."

Foleni nzima iligeuka. Karani aliinua kichwa akamwona Nzau.

"Nimemwuliza mama," alisema.

Mwende alikuwa analia na kucheka pamoja, akiitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, aandike, hiyo ndiyo tarehe.