Jicho Si Meza

Nyirasafari na mdogo wake Umuhoza walikuwa wakitengeneza sabuni uani kwao, Gisenyi. Waliiuza karibu na kituo cha mpaka cha Grande Barrière, kwa akina mama wanaovuka kwenda Goma. Umuhoza alikuwa na mdomo, jamani. Alimtania dada yake tangu wanachanganya mafuta mpaka sabuni inaganda.

Sabuni inataka mafuta, maji na soda kali. Soda hii si ya kunywa. Ni chembe nyeupe zinazochoma ngozi. Ikimwagika mezani, Nyirasafari aliifuta kwa maji, kisha akapitisha siki. Utelezi uliisha.

"Siki inaua soda," alizoea kusema. Na kwa meza, alisema kweli.

Asubuhi moja Umuhoza alikuwa na haraka. Badala ya kutia soda kidogo kidogo ndani ya maji, alimimina maji juu ya soda. Ikachemka ghafla, ikamrukia jichoni.

"Yaya, jicho yangu!" aliita. Kwao yaya ndiye dada mkubwa.

Hapo hapo palikuwa na ndoo ya maji safi, imejaa pomoni. Nyirasafari aliiruka, akakimbilia siki. Akaimimina ndani ya jicho la mdogo wake. "Vumilia," alimwambia. "Soda itakufa sasa hivi."

Hospitalini walijitahidi. Jicho halikuona tena.

Tangu hapo ua ulinyamaza. Umuhoza hakumlaumu dada yake, na hilo ndilo lililomkata Nyirasafari maini. Mwishowe alibeba chupa yake ya siki hadi kwa jirani yao Umurerwa, muuguzi aliyekulia Tanzania.

"Mi nilikosea wapi? Hii siki inasafisha meza yangu kila siku."

Umurerwa alimkaribisha kiti. "Kwa meza hukukosea," alisema. "Soda na siki zikikutana, kila moja inapunguza ukali wa mwenzake. Hata maji makali ya betri yakimwagika sakafuni, majivu yanayapunguza ukali. Lakini soda na siki zinapokutana zinatoa joto. Meza haisikii maumivu. Jicho linaungua mara ya pili. Na siki yenyewe inachoma."

"Donc, basi, ningefanya nini?"

"Maji safi. Mengi, yanayotiririka, palepale, nusu saa bila kuacha. Kisha hospitali. Ngozi nayo ni hivyo hivyo."

Nyirasafari aliikumbuka ile ndoo. "Maji ilikuwa pale," alisema. "Karibu na muguu yangu. Ingeponesha jicho yake?"

"Sijui, mwenzangu. Siwezi kukudanganya. Lakini maji yangelipa jicho nafasi ya kupona."

Nyirasafari alilia sana. Umurerwa hakumnyamazisha. Alikaa naye tu.

Walipoanza kazi tena, walibadili mambo. Dumu lenye bomba lilijazwa maji na kuwekwa juu ya kiti kabla soda haijafunguliwa. Walivaa glavu na miwani ya kazi. Soda iliingia ndani ya maji, kidogo kidogo. Siki ilibaki ya meza tu.

Lakini mazoea ni kitu kibaya. Siku moja soda iliruka, ikampata Nyirasafari mkononi, juu kidogo ya pale glavu inapoishia. Mkono wake wa pili ukaenda moja kwa moja kwenye siki.

Umuhoza alimwahi. Alikuwa ameona, kwa jicho lake moja. Alimshika kiwiko, akauweka ule mkono wenye soda chini ya bomba, akaushikilia hapo. Maji yalitiririka. Nyirasafari akaanza kulia.

"Yaya, inauma?"

"Haiume. Niache tu nilie."

"Lia. Lakini usitoe mukono. Bado."

Baadaye walikwenda kituo cha afya, mkono ukaangaliwa. Ulikuwa mwekundu kidogo tu. Kesho yake hata wekundu haukuonekana.

Umuhoza aliutazama, akasema, "Mutu muzima, analia juu ya maji."

Nyirasafari alicheka, kisha akageuza uso, akapangusa macho. Ilikuwa mara ya kwanza mdogo wake kumtania tangu siku ile.