Doa Lililotoka Upesi

Doa la kweli la karatasi kuukuu lina kiburi. Ulibembeleze kwa pamba, ulipulizie pumzi, ulisomee hata barua ya mapenzi, halitoki. Limeingia mwilini mwa karatasi kama uzee ulivyoingia magotini mwa watu fulani tunaowajua. Basi siku ile, fundi wa vitabu vya katuni aliyeitwa Bwana Pamba alipogusa kitone cha njano kwenye kona ya ukurasa, na kitone kikatoka chote kwa mguso mmoja, ilimpasa aweke pamba chini ajiulize. Hakujiuliza. Aliinusa tu. Ilinukia marashi.

"Makubwa," akasema, akachukua pamba nyingine.

Walimwita Bwana Pamba kwa sababu nyuzi za pamba hazikumtoka ndevuni, na majirani walisema ukimkung'uta vizuri utapata mto wa kulalia. Kazi yake ilikuwa kuvirudishia ujana vitabu vya katuni vya zamani. Wateja wake walikuwa wanaume wazima wenye vipara, waliokuja wamekumbatia vitabu vya utoto wao kama watoto wachanga waliofungwa kwa shuka. Yeye alivipangusa vumbi kwa brashi laini, akavisugua kwa unga wa raba, akachomoa pini zilizoota kutu, akaziba michaniko kwa karatasi nyembamba na gundi ya wanga aliyoipika mwenyewe, kisha akavibana baina ya mbao mbili chini ya jiwe. Mkono wake ulikuwa mwepesi mno. Mkewe alikuwa akisema, "Huyu mume wangu akinishika bega sijui kama ni yeye au ni nzi."

Kitabu kimoja tu ndani ya nyumba ile hakikuguswa. Kilikuwa sandukuni, sanduku la bati chini ya dirisha, na kilikuwa cha mtoto wao wa pekee. Binti huyo walimwita Pengo, maana meno yake ya mbele yaling'oka na yakakataa kurudi upesi. Homa ya siku tatu ilimchukua akiwa na miaka tisa. Kitabu chake kilijaa alama za vidole vyenye mafuta, na ukurasa wa kumi na nne ulikunjwa kona, pale alipokomea siku alipoanza kutetemeka. Alikuwa ameahidi kuendelea kesho yake. Bwana Pamba, aliyezinyoosha kona za vitabu vya watu wote, ile moja hakuwahi kuinyoosha.

Vile vitabu vyenye vitone vya njano vililetwa na mwalimu wa hesabu, kumi na viwili ndani ya boksi.

"Vya marehemu kaka yangu," mwalimu alisema. "Mama naye alipofariki nikavikuta uvunguni mwa kitanda chake, vimefungwa kitambaa mafundo saba. Fundi, nataka ving'ae. Hata huu uchafu wa njano, kila kona ya kila ukurasa! Mikono ya mtoto bwana, haina adabu."

"Si mikono," akasema Bwana Pamba. "Hii ni kutu ya uzee."

Wote wawili walikuwa wakisema wasichokijua, tena kwa sauti nzito, kama kawaida ya wanaume wakikutana.

Kazi ilichukua siku tisa. Alipofuta kitone cha mwisho ilikuwa saa kumi za alasiri, saa ambayo watoto hurudi kutoka shule na mtaa mzima hujaa kelele za ndala. Akasikia mtoto anasoma kwa sauti ya chini. Akadhani ni dirishani. Akaenda akafunga dirisha. Sauti ikabaki ndani.

Ilisoma polepole, na kila ilipofika kwenye herufi *s* ilipiga kifirimbi, kama pumzi inayopita kwenye pengo la meno.

Jikoni mfuniko wa sufuria ulianguka. Mkewe akatokea mlangoni, mikono inachuruzika maji.

"Baba Pengo," aliita. Miaka minne hakuna aliyemwita hivyo. "Umesikia?"

"Sijasikia kitu."

"Mwongo wewe. Mbona unalia?"

Tangu siku hiyo, kila ikifika saa kumi, sauti ilikuja. Kurasa za vitabu vya mwalimu zilijifunua zenyewe mezani, na mkewe alitandika mkeka karibu na mguu wa meza akasikiliza kichwa upande, akicheka mahali pa kuchekesha. Walikubaliana wasimwambie mtu, na walikubaliana bila kusema. Mwalimu alipokuja kuulizia mali yake akaambiwa gundi haijakauka. Akarudi wiki ya pili, gundi haijakauka. Gundi gani hiyo, hata tope la masika lingekuwa limekauka! Lakini nyumba ile ilikuwa na furaha, na mwenye furaha ya kuazima hapendi kugongewa mlango.

Kilichomgutusha Bwana Pamba kwanza ni bangili. Mkewe alikuwa na bangili ya fedha ambayo kuivua ilihitaji sabuni na matusi. Siku moja anakanda unga, bangili ikateleza yenyewe ikazama kwenye unga.

"Umekonda, mke wangu."

"Nimepungua kidogo. Wenzangu wanatafuta dawa ya kupungua, mimi nimepata bure."

"Na chakula hukigusi."

"Nashiba kumsikia mwanangu. Na wewe unywe chai yako uniache."

Akaanza kuchungulia. Alijifanya anapika gundi, huku anamtazama mkewe mkekani, na kadiri alivyotazama ndivyo alivyoona kwamba kila ukurasa ulipojifunua mkewe alivuta pumzi, na pumzi ile haikuonekana kurudi, na mashavu yake yalibonyea kidogo tu, kama karatasi inavyobonyea ikinyonywa maji, na chini ya ile harufu tamu ya marashi iliyokuwa imejaa chumbani palikuwa na harufu nyingine, ya majivu yaliyolowana, harufu ya kisima kilichofunuliwa baada ya miaka mingi, na macho ya mkewe hayakupepesa, na sauti ya mtoto ilizidi kunenepa.

Siku hiyo alijilazimisha kusikiliza kama mzazi, si kama mfiwa. Sauti ilikuwa ikisoma habari za Binti Radi, shujaa wa kike apandaye umeme, ambaye hata kitabu cha Pengo kilikuwa na habari zake nyingine. "Binti Radi akauokoa mji wote," ikasoma, "kutoka kwenye maangamizi."

Bwana Pamba akaacha kukoroga gundi. Pengo hakuwahi kusoma neno gumu hata moja maishani mwake. Akikutana nalo alilipita mbio, akasema "nanihii," akaendelea. *Akauokoa mji wote kutoka kwenye nanihii.* Walimcheka mpaka wakachoka. Na sasa hii sauti inatamka maangamizi, wazi, herufi kwa herufi.

Alikwenda kwa mwalimu bila hata kuvaa kofia. Mwalimu akampeleka kwa shangazi yake, kikongwe aliyekuwa na habari zote za ukoo na za koo za jirani pia. Bibi yule alisikiliza, kisha akajipiga kofi pajani.

"Kuna mwendawazimu amevifuta?"

"Mimi, shangazi," akasema Bwana Pamba.

"Ile ilikuwa zafarani! Zafarani na marashi! Kaka yake huyu akiwa mdogo jini lilimpenda, likawa linasoma naye, mtoto anakauka kama dagaa. Mganga akalifungia humo humo vitabuni, kitone kwa kitone. Mama yake amelala juu ya vitabu hivyo miaka arobaini, maskini, asipate hata kugeuza ubavu kwa raha. Nanyi mnakuja na pamba zenu!"

Mganga aliyepatikana alikuwa mwanafunzi wa yule wa zamani, naye siku ile alikuwa na mafua mabaya. Alikaa sebuleni na leso yake, akamtazama mke wa fundi kwa muda mrefu, kisha akashusha macho.

"Huyu anamla anayemsikiliza," alisema. "Amebakisha kidogo. Lazima arudi kitabuni, ila vile kumi na viwili amevimaliza, havitamani tena. Ataingia kitabu ambacho hajakisoma, na ambacho mtoto alikipenda. Mnacho?"

 Mke wa fundi ndiye aliyegeuka kutazama sanduku la bati.

"Hapana," akasema. "Mnataka kumfungia mwanangu ndani ya bati?"

"Si mwanao, mama."

"Wewe ulimjua?"

"Mama Pengo," Bwana Pamba akasema taratibu, "mwanetu si alikuwa akiruka maneno magumu? Alikuwa akisema nanihii. Huyu anayasoma yote."

 Mkewe alizungusha bangili ambayo sasa ilikuwa inafika kiwiko.

"Miaka minne imepita," akasema. "Angekuwa darasa la saba. Amejifunza."

 Bwana Pamba akalia pale pale, mbele ya wageni. Mkewe alimtazama, na kwa kuwa alikuwa mwanamke mwenye huruma hata kwa wanaume, akavuta upande wa khanga akamfuta. "Haya basi," akasema. "Fanyeni. Lakini msiniite nione." Akaenda chumbani akafunga mlango.

Saa kumi ilipofika kitabu cha Pengo kilikuwa mezani, na zafarani kwenye kisosi. "Kila kona ya kila ukurasa," mganga alimwonya. "Kona moja ikibaki ni mlango umesahauliwa wazi. Wewe una mkono mwepesi, weka mwenyewe. Akinogewa na hadithi hatakuona."

Sauti ikaja. Ikasita, kama mtu anayenusa chakula kigeni. Kisha ukurasa wa kwanza ukafunuka, na Bwana Pamba akagusa kona kwa ncha ya brashi, na wa pili, na wa tatu, na katika kila ukurasa alikutana na kidole cha mwanawe, cha gumba hapa, cha shahada pale, hapa alikuwa amekula kitumbua asinawe, pale alikuwa amelala juu ya kitabu akaacha ute, na sauti ilisoma kwa furaha huku ikipiga kifirimbi chake, na chumbani mkewe alikuwa akigonga paji la uso ukutani, polepole, du, du, du, na kurasa zikaenda mpaka ukafunuka wa kumi na nne wenye kona iliyokunjwa.

Hapo mganga alipiga chafya. Akapiga ya pili, na ya tatu, akazama ndani ya leso yake uso mzima.

Kukunjua kile kikunjo ilikuwa kazi ya nukta moja. Amekunjua maelfu. Lakini kikunjo kile kilikuwa ni ahadi ya kesho, na ukikikunjua, mtoto hatakuwa na pa kuanzia. Mkono mwepesi wa Bwana Pamba ukatua juu ya kona kama ilivyokuwa, ukaacha kitone mgongoni mwake, ukapita.

Ukurasa wa mwisho ulipopata kitone chake sauti ilikatika katikati ya neno. Mganga akakifunga kitabu kwa kitambaa, mafundo saba. "Zote?" akauliza huku anafuta pua.

"Zote," akasema Bwana Pamba.

Mwalimu alirudishiwa vitabu vyake viking'aa, wala havikumsomea mtu. Mke wa fundi alianza kula. Kwanza uji, kisha kila kitu, kisha na sahani ya mumewe. Bangili ikarudi mahali pake. Ilikuwa nyumba kimya, kimya cha kawaida cha nyumba iliyofiwa, na walikizoea tena kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Ilikuwa baada ya miezi miwili, siku ya mvua. Watoto wa shule walipita mbio nje, kisha mtaa ukatulia. Bwana Pamba alikuwa anapika gundi. Ndani ya sanduku la bati kitu kikapiga kifirimbi.

"Ssssasa Binti Radi," ikasoma sauti, ndogo, ya mbali, kama iko chini ya blanketi, "akaona mji wote umezungukwa na…" Ikasita. "Na nanihii."

Mwiko ukamtoka mkononi. Jini lilikuwa likisikiliza siku ile alipolitaja neno hilo mbele ya mganga. Ndivyo alivyojiambia. Limesikia, limeiga. Ama sivyo… Na hiyo "ama sivyo" ndiyo iliyomkalisha chini.

Mlango wa chumbani ulifunguka. Mkewe akatoka na mkeka kwapani, akautandika mbele ya sanduku, akakaa. Hakuonekana kushangaa. Bwana Pamba akamtazama vizuri, naye akaelewa kwamba hii haikuwa siku ya kwanza.

"Tangu lini?"

"Sss. Atasita."

Kisosi cha zafarani kilikuwa bado juu ya rafu. Ilikuwa imekauka, ikihitaji tone moja tu la maji. Akalidondosha. Akafungua sanduku, akafungua mafundo saba, akafunua ukurasa wa kumi na nne, akashika brashi kwa mkono wa kulia, na kwa ukucha wa kushoto akakigusa kile kikunjo. Mkewe akaweka kiganja chake juu ya mkono wake. Kilikuwa chepesi kuliko wake, na bangili ikateleza ikaanguka sakafuni, ikazunguka, ikazunguka, ikalala.

"Baba Pengo," akanong'ona. "Mwache amalize ukurasa."

Akamwacha. Akakaa naye mkekani, brashi mkononi, wakasubiri.

Ukurasa ule una picha sita tu. Mpaka leo hajaumaliza.