Chungu cha Bibi Harusi

"Mahari yake irudi! Simwozeshi mtoto wa dada yangu kwa mtu aliyetuletea kuhara!"

Huyo ni mwanangu Gabrieli. Na kwetu Uluguru mjomba akisema hapana, baba mzazi hukohoa tu.

Mjukuu wangu Paskalia alikimbilia kilimani kutafuta mtandao. Miaka hiyo simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia kijijini kwetu Mlali.

"Innocent, watoto wa jirani wanaharisha. Wamekunywa maji ya vyungu vyako."

"Haiwezekani, Paskalia! Nimevipima mwenyewe."

"Basi njoo umwambie mjomba. Anavunja uchumba."

Akakata. Meseji ikaingia: "Nakuja. Usilie mpz."

Innocent alikuwa mtafiti wa chuo, pale Mazimbu. Vyungu tulifinyanga sisi, yeye akavipaka chembe za fedha, ndogo hata jicho halizioni, zinazoua vijidudu. Unatia maji ya mto, yanajichuja kupitia udongo, yanadondokea kwenye ndoo.

Siku alipotueleza nilimuuliza, "Fedha? Tukikwangua, si tutauza?" Alicheka mpaka akakaa chini.

Safari hii alikuja na uso umemshuka. Alipitia kwanza kwa wale watoto, akawanywesha maji ya chumvi na sukari, ndipo akafika kwetu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Sema haraka."

Akajaza chungu maji. Tukangoja. Hata tone halikudondoka.

Paskalia akainama, akanusa ndani.

"Mama," akanong'ona, "umekipikia uji?"

Martina, binti yangu, akashika shavu.

"Sasa je? Chungu kipya si kinavuja? Nilivipikia uji vyote vikaziba. Wageni wa harusi waone chungu cha bibi harusi kinavuja, uso nitauweka wapi? Maji tulichota humo humo kwa kata."

Gabrieli akamgeukia dada yake, kidole juu.

"Martina! Yaani wewe—"

"Mwache mama, mjomba," Innocent akamkatiza. "Kosa ni langu. Nilieleza habari za fedha wee, sikusema kinatakiwa kivuje. Na chungu kipya mnakifanyaje, sikuuliza."

Nikaona hasira itatumaliza.

"Kitendawili!"

"Tega," Gabrieli akajibu, kwa mazoea tu.

"Nyumba yangu haina mlango. Mgeni anapita, mwizi anabaki ukutani."

"Mama, si wakati wake! ... Haya, nakupa mji. Chukua Ngerengere."

"Ngerengere nimefika, wanajeshi wamenikaribisha chai. Jibu ni chungu cha Innocent!"

Kicheko kikamponyoka mwanangu. Akamtazama Paskalia.

"Huyu anayebeba kosa la mama yako, unamtaka?"

"Namtaka, mjomba."

"Mahari ibaki. Lakini watoto wapone kwanza."

Wakapona. Padri akatangaza ndoa. Siku ya harusi Martina alisimama kando ya chungu kipya, akimwambia kila mgeni kabla hajaulizwa:

"Kinavuja, ndiyo. Mkwe wangu ndivyo anavyotaka. Kunywa!"