Samaki Asiyetaka Mwenzake

Aikande alikutana na Filemon kwa fundi vioo pale Majengo, Jumamosi watu wamejazana, kila mmoja akidai ndiye aliyetangulia. Alivaa gauni la kitenge cha njano alilolishona mwenyewe. Mbele yake kijana mrefu, buti za mlimani miguuni, alikuwa akimchosha fundi: kioo kiwe kinene, kifunike tangi lote, kusibaki upenyo.

"Kaka, unafungia chui?" Aikande akamuuliza.

"Samaki, dada. Anaruka."

Aikande akacheka, na kicheko hicho kikamgharimu miaka miwili.

Samaki mwenyewe aliitwa mbwamwitu, mwekundu, hazidi urefu wa mwiko. Filemon, mwongoza watalii, aliachiwa na mzungu mmoja aliyerudi kwao. Samaki huyo alishinda chini ya gogo bila kutikisika, na chochote kilichopita mbele yake hakikuonekana tena. Filemon alikuwa na chumba kimoja tu cha kupanga, na tangi lilimeza ukuta mzima. Aikande akambandika samaki jina la mke mwenza. Kila Filemon alipopandisha watalii mlimani, Aikande ndiye aliyebaki kumlisha vipande vya nyama kwa koleo, maana yule hakujali kidole ni cha nani.

"Mke mwenzangu amenilowesha gauni zima," alilalamika kwenye simu.

"Anakuonea wivu, mpenzi."

Maneno matamu Filemon alikuwa nayo tele. Neno la ndoa ndilo halikumtoka, na ndilo Aikande alilolingoja. Baba yake kule Uru alishauliza mara tatu huyo Mkatoliki anakuja lini kujitambulisha, naye alishachoka kujibu kwamba yuko mlimani.

Mwezi wa tisa Filemon akapiga kutoka kambini, mtandao ukija na kupotea.

"Aika, yule samaki... mwekee mwenzake. Halafu nisikilize vizuri..."

Simu ikakatika. Aikande akasonya, lakini akapanda Uru, akaomba perege wawili kwenye bwawa la mjomba Gidioni, akawashusha mjini kwa ndoo, maji yakimwagikia viatu njia nzima. Kesho yake alikuta magamba, na mkia mmoja unaelea.

Filemon alishuka mlimani amenuna. Hata kumkumbatia hakumkumbatia.

"Nilikwambia usimwekee mwenzake."

"Uliniambia mwekee."

"Kuna wasiotaka mwenza, Aikande. Si dhambi. Ila mtu aseme."

Aikande akaona ameshaambiwa: Filemon hataki ndoa. Moyo ulimuuma kweli. "Nimekusikia," akajibu, akaweka ufunguo wa chumba juu ya tangi, akaondoka.

Wiki mbili hakuna aliyempigia mwenzake. Kwa hasira Aikande aliharibu sare mbili za kwaya alizopewa kushona, akafunga cherehani, akapanda kwa wazazi.

Jumapili, akiwa anakata majani ya ng'ombe, kanga kuukuu kiunoni, alimwona Filemon akija katikati ya migomba. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, na mkononi alishika jani la sale. Mchaga akiletewa jani hilo, hana ruhusa ya kukataa msamaha.

"Nimekosa," Filemon alisema. "Mtu akikukataa, humnunii."

"Nani kakukataa?"

"Wewe. Siku ile kwenye simu niliuliza kama utakubali tuoane. Ukanyamaza. Nikasema nikupe muda, ukanyamaza. Niliongea peke yangu mpaka wapagazi wakanionea huruma."

Aikande aliweka panga chini. Miaka miwili anangoja swali, na mwanamume huyu amekwenda kuliulizia mahali pasipo mtandao. Hasira ilimpanda na furaha ikampanda, akashindwa aanze na ipi.

"Filemon, mimi nilisikia nimwekee mwenzake, basi. Mengine yote nilikuwa sipo."

Filemon akajishika kichwa kwa mikono miwili, na jani lake.

"Uliza tena," Aikande akamwambia. "Hapa, nikikuona mdomo."

"Aikande, utakubali..."

"Ndiyo," akasema, hakumwacha afike mwisho. Kisha akamshika mkono, machozi yanamtoka na bado amenuna, akampeleka ndani kwa baba.